Kompyuta haiwaki, intaneti haipo: tunaanzia wapi? (Hotuba kwa wakuu wa shule na walimu wa TEHAMA, Kagera)

Shikamooni wakubwa zangu, walimu wenzangu habari za asubuhi. Mgeni rasmi, maafisa elimu, wakuu wa shule, walimu wa TEHAMA, na nyie vijana mlioko mafunzo kwa vitendo mliokaa kule nyuma, karibuni sana, na kama kuna viti huku mbele sogeeni maana haya mambo yatawahusu nyie kuliko wengine.

Nimepewa nusu saa na mada yenyewe ni ndefu, kwahiyo sitaongelea umuhimu wa TEHAMA, hiyo kila mtu hapa anaijua na imeshahubiriwa vya kutosha. Nataka tuongelee kompyuta zilizoko stoo. Maana shule nyingi nilizopita mkoa huu, za serikali na za binafsi, ukiuliza kompyuta unaonyeshwa kwanza zile zinazofanya kazi, mbili tatu hivi, moja kwa mhasibu, moja kwa mwalimu wa taaluma anayesajilia watahiniwa kwenye PREM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani, afu ukiuliza zingine ziko wapi unaambiwa "zile mbovu". Unapelekwa stoo unazikuta zimepangwa juu ya madawati yaliyovunjika, zimefunikwa gunia, na huku watoto wa kidato cha pili wanasoma kompyuta ubaoni, mwalimu anawachorea kibodi kwa chaki. Inaniuma sana hii. Na inaniuma zaidi kwasababu tukizitoa nje tukazifungua, nyingi zinawaka siku hiyohiyo.

Kwahiyo ninachotaka kukisema leo ni hicho tu, nyingi hazijafa, zimekosa mwenyewe. Hamna mtu shuleni ambaye kazi yake ni kuzijua moja moja, hii ina shida gani, ile ilifanyiwa nini mwezi uliopita. Na kazi ya kuzijua haihitaji digrii, ntawaonyesha.

Tuanze na ile inayoitwa haiwaki. Walimu wengi wanaruka umeme wanaenda moja kwa moja kwenye "madabodi imeungua", yani ile bodi kuu ya ndani, kwasababu ndo kauli waliyoisikia kwa fundi wa mjini. Hapana, chukua chaja ya simu, chomeka kwenye soketi ileile, simu inachaji? Kama haichaji achana na kompyuta, shida ni soketi au ekstensheni. Kama inachaji, chukua waya wa pawa wa mashine inayowaka uweke kwenye isiyowaka. Bado? Zunguka nyuma ya CPU, lile kasha la mashine, kwenye pawa saplai kuna swichi ndogo ina alama ya I na O, wanafunzi wa usafi wakipitisha kitambaa wanaizima bila kujua na mashine inahesabiwa imekufa muhula mzima. Na hapohapo nyuma kwenye mashine za zamani kuna kijiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230. Hicho jamani kiogopeni. Mashine za msaada kutoka Marekani zinaweza kufika zikiwa zimewekwa 115 maana umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230, ukichomeka hivyohivyo utasikia mlio na moshi utatoka na hapo kweli umeua. Kabla hamjawasha msaada wowote, hata kama wageni wamesimama wanasubiri kupiga picha, mtu mmoja azunguke nyuma aangalie kwanza.

Sasa kuna ile feni inazunguka, taa inawaka, lakini monita nyeusi. Hapa ndo hela nyingi ya shule inapotea kwa kulipia kitu ambacho kingefanyika bure. Kama umeshajaribu monita nyingine na kebo yake na bado nyeusi, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde kumi na tano ili umeme uliobaki ndani uishe, fungua ubavu wa CPU, gusa kasha la chuma kwanza mkono wako upoteze umeme wa mwilini, kisha toa ramu. Ramu ni zile kadi nyembamba ndefu, zina klipu pembeni. Angalia ile sehemu ya dhahabu chini utaikuta imefubaa, chukua kifutio cha penseli, kisafi, sugua taratibu pande zote mbili, pangusa mabaki, afu kwenye tundu lake pitisha brashi ya rangi laini, usipulize kwa mdomo maana mate ni maji. Rudisha, gandamiza mpaka usikie klipu zimelia. Washa. Vumbi letu hili jekundu la Karagwe na Biharamulo linapenya kila mahali, linashikana na unyevu wa mvua, na ramu ndo ya kwanza kulalamika. Na kulalamika kweli, kama ndani ya mashine kuna kispika utasikia bipu bipu inarudia, inakwambia kuna kitu sijakiona. Andika zile bipu ni ngapi, ni ndefu au fupi, ukimpigia fundi simu mwambie hilo, atajua pa kuanzia kabla hajapanda hata bodaboda.

Ngoja nikae kidogo kwenye betri, kwasababu hii imefungia maabara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ya duara kama shilingi, imeandikwa CR2032, volti 3, hata mafundi saa wanauza. Kazi yake ni kuishikia mashine saa na tarehe ikiwa imechomolewa. Ikikaa miaka kadhaa inakwisha, na mashine inayokaa imechomolewa muda mrefu inaimaliza mapema zaidi maana hapo ndo betri inabeba mzigo peke yake. Ikiisha, kila ukiwasha mashine inarudi kwenye tarehe ya zamani, 2009, 2012, inategemea imetengenezwa lini. Mwalimu anaona tarehe sio yake, anapotezea, si anataka kufundisha tu. Sasa anafungua intaneti, kila tovuti inakataa, ukurasa unakuja unasema muunganisho sio salama. Anajaribu nyingine, hivyohivyo. Anaita mkuu, mkuu anaita kampuni, kampuni inasema kwetu mtandao uko sawa, na wako sawa kweli!

Kinachotokea ni kwamba tovuti yoyote yenye alama ya kufuli inatoa cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Cheti cha leo kimeanza mwaka huu, kompyuta yako inaamini tuko 2009, inaona mtu anakuja na cheti ambacho hakijaanza kutumika, inakikataa. Imefanya kazi yake vizuri tu, saa ndo imeidanganya. Chrome mara nyingi inaandika kabisa kwamba saa yako iko nyuma, ila nani anasoma yale maandishi. Kuna shule nilikuta wameacha kulipia bando kabisa kwasababu "intaneti haifungui kitu", na ilikuwa inafungua vizuri kwenye simu za walimu kwa wifi ileile. Tukarekebisha tarehe mashine ya kwanza, ikafungua. Wale watoto walivyopiga makofi, jamani. Betri mpya zikanunuliwa baadae, ila hata kabla ya betri unaweza kurekebisha tarehe kila asubuhi ukafundisha.

Na ninyi wa Ngara na wa kule Karagwe mpakani mna la ziada. Simu ikishika minara ya Rwanda au Burundi inarudi nyuma saa moja, maana wenzetu kule wako saa moja nyuma yetu, hilo mnalijua. Ila modemu na rauta za laini nazo zinashika minara ya jirani, na hapo inaonekana mtandao upo, mistari imejaa, halafu hamna kinachofunguka, au inafunguka na salio linaondoka kwa bei ya nje. Missenyi na Kyerwa mnayaona hayohayo na minara ya Uganda. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya modemu ukazima romingi na uchaguzi wa mtandao ukauweka wa mkono, uchague wa nyumbani ubaki hapohapo.

Sawa, twende kwenye intaneti yenyewe. Mwalimu akikwambia "intaneti haipo" usikimbilie kuzima rauta. Muulize, haipo kwenye mashine moja au zote? Swali hilo peke yake linakata kazi nusu. Kama ni moja, shida iko kwenye hiyo mashine au kebo yake. Kama ni zote, unganisha simu yako kwenye wifi hiyohiyo uzime data ya laini, ona kama inafungua. Ikifungua, rauta na bando viko salama, shida iko kati ya rauta na kompyuta, kwenye kebo au kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu ya kebo kinachogawa mtandao. Isipofungua hata kwenye simu, angalia salio la bando kwanza, naomba mniamini, angalieni salio kwanza.

Kwa mashine moja inayogoma, fungua ule ukurasa mweusi wa cmd, andika ipconfig. Ukiona namba inaanza na 169.254, ujue mashine imeomba anuani kwa rauta haikujibiwa, ikajipa yenyewe, kwahiyo haijaongea na rauta kabisa: kebo imekatika, au haijaingia vizuri, au tundu la swichi limekufa. Ukiona namba kama 192.168.1 na kitu, imeongea na rauta. Andika ping halafu anuani ya rauta, mara nyingi 192.168.1.1, ikijibu njia ya ndani ni nzima. Kisha ping 8.8.8.8, hiyo ni ya Google, ikijibu umeshatoka nje ya shule. Kisha ping jina la tovuti yoyote unayoijua. Kama 8.8.8.8 inajibu na jina halijibu, basi intaneti ipo, kinachokosekana ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba, ukaiandike kwa mkono kwenye mipangilio na unaendelea na kipindi. Dakika tatu hizo, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaziweza, nimewafundisha wengi na wananishinda spidi.

Kebo: panya. Sina zaidi ya kusema, pitisheni kwenye trankingi, ile mifereji ya plastiki ya kufunika waya, na msivute kebo moja ya mtandao zaidi ya mita 100 kwenda bweni la mbali, ikizidi hapo inaanza kupoteza. Mkikrimpa wenyewe, yani kufunga vichwa vya kebo, fuateni mpangilio mmoja pande zote mbili: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Mbandike hiyo ukutani juu ya swichi.

Afu kuna moja ya hatari inafanana na uchawi. Maabara yote inaganda kwa mpigo, taa za swichi zote zinawaka kwa kasi pamoja bila kupumua. Kaangalie kwenye swichi, mara nyingi kuna mwanafunzi mpenda usafi ameona ncha ya kebo inaning'inia akaichomeka kwenye tundu lililo wazi, kumbe ncha ya pili nayo iko kwenye swichi hiyohiyo. Data inatoka inarudi inatoka inarudi, inajaza njia mpaka hamna kinachopita. Swichi za bei ndogo tunazonunua sisi hazina kinga ya hilo. Chomoa moja, mtandao unarudi palepale. Kwahiyo ncha zisizotumika zizungushieni selotepu.

Na kuna siku shida sio yenu kabisa. Mei 2024 mnakumbuka, tarehe 12, Jumapili, kebo za baharini EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na Tanzania nzima ikawa inasuasua siku kadhaa. Wiki hiyo walimu walichukua sindano wakabonyeza kile kitundu cha riseti kwenye rauta, na riseti ile inafuta kila kitu, jina la mtumiaji la kampuni, paswedi, mipangilio yote, kwahiyo kebo ya baharini ikatengemaa na shule yako bado haina intaneti. Kuzima na kuwasha ni sawa. Kitundu cha sindano usikiguse kama hujaandika mahali mipangilio yote ya rauta. Kabla ya yote mpigie mwalimu wa shule jirani muulize kwenu vipi.

Bando sasa, maana wakuu wa shule hapa ndo mnaumia. Mnanunua GB 20, siku mbili hamna, na mnaanza kumshuku mwalimu wa TEHAMA anaangalia muvi usiku. Mara nyingi sio yeye. Windows inajivutia apdeti yenyewe kimyakimya. Chukua mashine 20, kila moja ikavuta apdeti ya GB 1, bando lako lote limeisha na hamna mtoto hata mmoja aliyesoma kitu. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao kwenye kila mashine, weka alama kwamba huu muunganisho ni wa kupimwa (metered), hapo Windows inapunguza kuvuta. Halafu apdeti zifanyeni kwa zamu, mashine chache kwa wakati, siku ambayo kuna bando la usiku la bei nafuu. Kuziacha bila apdeti kabisa miaka mitatu nako ni kuzifungulia vairasi mlango, kwahiyo ziwekeeni ratiba.

Lakini mimi swali langu kwa wakuu ni hili, kwanini kila kitu mnakitafuta intaneti? Kuna programu inaitwa Kolibri, ya bure, unaiweka kwenye mashine moja iliyo imara, unaipakulia masomo mara moja tu mahali penye intaneti nzuri, unairudisha shuleni, na kuanzia hapo wanafunzi wote wanaisoma kwa wifi ya ndani bila hata KB moja ya bando. Kuna Kiwix, inakupa Wikipedia nzima kama faili, ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida. Mwalimu wa fizikia kuna majaribio ya PhET, ya umeme, ya mwendo, yanakaa kwenye mashine yanafanya kazi bila mtandao. Shule iliyoko kisiwani Bumbire inaweza kuwa na maktaba inayofanya kazi kuliko shule ya mjini yenye faiba. Mimi ningekuwa mkuu wa shule mwenye hela kidogo ningeanzia hapo, seva ya ndani kwanza, bando baadae, na bando lenyewe liwe la mwalimu kuandalia somo na la ofisi. Najua kuna wenzangu hawakubaliani na hili, wanasema mtoto lazima aguse intaneti yenyewe. Na aguse, ila asikae mwaka mzima bila kugusa chochote akisubiri intaneti.

Na akiigusa, muwekeeni uzio. Kwenye rauta, sehemu ya DNS, mkiandika 1.1.1.3 ya Cloudflare au 208.67.222.123 ya OpenDNS tovuti nyingi za ngono zinazuiwa kwa shule nzima, bure, bila kuweka programu kwenye kila mashine. Haizuii zote na mtoto mjanja atatafuta njia, bado mwalimu anatakiwa azunguke darasani, ila ni dakika tano za kazi na hamna sababu ya kutofanya.

Radi. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kusimuliwa kuhusu radi. Kipindi cha mvua wingu likianza kujikusanya upande wa ziwa, umeme uzimwe ukutani na kila kitu kichomolewe, na hapa watu wanakosea, wanachomoa kompyuta wanaacha kebo ya antena iliyoko juu ya bati imeunganishwa na rauta. Radi inapita kwenye antena inaingia kwenye rauta inasafiri na kebo za mtandao mpaka kwenye madabodi ya kila mashine iliyounganishwa. Chomoeni na hiyo. Mwonyesheni mlinzi wa usiku, mpeni ufunguo wa meni swichi ya maabara, maana mvua za usiku mwalimu yuko kwake amelala. Na fundi umeme aje apime athi ya jengo, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, maabara nyingi zina soketi za matundu matatu na tundu la tatu halijaunganishwa na kitu.

Yupiesi, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, nayo ieleweni kazi yake. Inakupa dakika chache za kusevu kazi na kuzima mashine vizuri, haikupi kipindi cha kufundishia. Ndani yake kuna betri, nyingi ni volti 12 na 7Ah, inakwisha baada ya miaka mitatu mpaka mitano, inabadilishwa, msitupe yupiesi nzima.

Na hapo ndo narudi kwenye stoo. Watu wanadhani kukifungia kifaa ni kukitunza. Betri ya yupiesi ikikaa miezi bila kuchajiwa inaharibika ndani haipokei chaji tena. Betri ya laptopu na ya tableti ikikaa imeisha kabisa muda mrefu inashuka chini ya kiwango na haiamki. Unyevu unashika kutu kwenye pini, panya anajenga kwenye CPU maana ni pakavu na pana matundu. Yani tableti zilizofungiwa kabatini zisiibiwe zinaharibika palepale kabatini, na mtoto hakuzigusa. Kama lazima zikae, zikae na chaji nusu na mtu azitoe kila mwezi azichaji. Lakini bora zaidi zitumike.

Nigusie na Windows 10, maana naulizwa kila siku. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzima siku hiyo, inaendelea, ila viraka vya usalama vya kawaida haipati. Na mashine zetu nyingi hazipokei Windows 11, inataka prosesa za karibuni na kitu kinaitwa TPM 2.0, kichipu cha usalama. Kwahiyo utasikia watu wanakuja shuleni na kuwaambia tupeni zote nunueni mpya. Taratibu. Toa hard disk ya zamani weka SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya GB 120 inatosha, mashine iliyokuwa inawaka dakika tano inawaka chini ya dakika moja, hiyo ndo hela inayorudi haraka kuliko zote kwenye maabara. Halafu weka Linux Mint badala ya Windows, ni ya bure, inakuja na LibreOffice, mtoto anajifunza kuandika barua na kutengeneza jedwali vilevile, na vairasi wa flashi hawana kazi pale.

Vairasi wa flashi, ndiyo. Juzijuzi mwalimu wa taaluma ameniletea flashi amekata tamaa, mitihani ya moko yote ya mkondo mzima, folda zimegeuka kuwa shotikati, akifungua hamna kitu, na kijana wa steshenari alikuwa ameshamshauri aifomati. Faili zilikuwepo. Yule mdudu anachofanya ni kuficha folda zako na kuweka shotikati zenye jina lilelile ili ukibofya umwashe yeye. Unachomeka flashi kwenye mashine yenye antivairasi iliyo hai, unaiskani, afu kwenye cmd unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kama flashi yako imesoma E, unabonyeza enta unasubiri. Folda zinarudi moja moja. Unanakili faili zako mahali salama, hapo sasa ndo unafomati flashi. Yule mama alikaa chini kwenye kiti akashika kichwa, mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu.

Sasa mwenyewe ni nani, na anafanyaje. Kila mashine ibandikwe namba, ya kuandika kwa maka pen mbele na nyuma. Kuwe na daftari moja gumu, kaunta buku, kila mashine ina kurasa zake: tarehe, ilikuwa na shida gani, nani aliigusa, alifanya nini, ikawaje. Andikeni hata mambo madogo. Mashine namba 7 ikianza kuzima yenyewe, unafungua daftari unaona mwezi wa pili ilisafishwa feni, wa tatu tena, unajua joto ndo adui yake. Bila daftari kila fundi anaanza upya na kila fundi analipwa upya.

Na paswedi. Walimu tunahamishwa, barua inakuja Ijumaa Jumatatu uko Kasulu. Kuna shule seva yao ilikaa miaka miwili haifunguliki kwasababu aliyeiweka alihama na paswedi kichwani, na namba ya simu alibadilisha. Paswedi za rauta, za seva, na mipangilio ya kampuni ya intaneti viandikwe, viwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, kwenye sefu ya mkuu wa shule. Mwalimu akihama, makabidhiano yafanyike maabara, mashine kwa mashine, na daftari mkononi, kama tunavyokabidhiana vitabu.

Wanafunzi wapeni kazi. Chagueni wachache kila kidato, wasichana nusu na msilegeze hapo, maana ukiacha wajitokeze wenyewe watajaa wavulana na wasichana watapewa kufuta meza. Hawa ndo wafungue maabara, wazime, wafunike, waandike daftari, wapige zile ping. Mtoto aliyeshika ramu mkononi hasemi tena kwamba kompyuta ni ngumu. Kuna mzazi atasema mwanangu kaja kusoma hajaja kuwa fundi, mwonyesheni daftari lenye mwandiko wa mtoto wake.

Wakuu wa shule, la mwisho ni lenu. Bajeti yenu ina mstari wa chaki na mstari wa usafi, wekeni mstari wa vipuri vya kompyuta, hata kidogo, uende bodi ukiwa na daftari la ukaguzi mkononi kuonyesha mashine ipi inataka nini. Betri za CR2032 pakiti moja, ramu mbili tatu za akiba, pawa saplai moja, kebo na vichwa vyake, krimpa, brashi, bisibisi. Na LUKU ya maabara iwe na mita yake kama mnaweza, muache kugombana na jiko.

Baada ya chai tunaingia maabara ya hapa. Waliokuja na CPU kutoka stoo ziwekeni meza ya kushoto karibu na dirisha, msichomeke, tutaanza kwa kuangalia kile kijiswichi chekundu. Wenye flashi zenye shotikati meza ya kulia. Vijana wa mafunzo kwa vitendo nyie ndo mtashika bisibisi, walimu wakuu mtaandika daftari, na namba za mashine zenu nimeshaleta stika. Asanteni sana.